Karanga Moja kwa Kila Mzee

Watu husema tatizo la kustaafu ni pesa. Pesa ina mambo yake, nitaisema siku nyingine mhariri akinipa kurasa mbili. Tatizo kubwa ni ushauri. Nilipokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, hakuna mtu katika mkoa huu wa Singida aliyethubutu kunieleza ninywe maji glasi ngapi kwa siku. Nikiingia watu waliinuka. Nilipokabidhi funguo za ofisi tu, ikabainika kwamba sijui kula, sijui kulala, natembea vibaya, na chumvi naitia kupita kiasi. Chumvi nikaipunguza, ingawa mlenda usio na chumvi ni adhabu ambayo hata Kanuni ya Adhabu haikuifikiria. Lakini mwaka huu mambo yamevuka mpaka. Binti yangu wa pili amegundua kwamba hata kupumua sijui.

Binti huyu ni muuguzi, yuko Dar es Salaam. Kila asubuhi ananitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo baba. Baba, leo kaa kwenye kiti, miguu yote miwili chini, fumba macho. Sikiliza pumzi yako inavyoingia na kutoka. Usiibadilishe, itazame tu." Nasikiliza mpaka mwisho, maana huyo muuguzi nimemsomesha kwa pesa yangu na lazima nijue ilikwenda wapi. Kisha namjibu marahaba mwanangu, nimesikia, nami naendelea kupumua kwa mtindo wangu wa zamani ambao ndio ulionifikisha hapa.

Pumzi yangu yenyewe imeshapata wakaguzi wa kutosha. Mstaafu wa nchi hii hufanyiwa uhakiki ili ijulikane kama bado yupo, pensheni isije ikamfuata kaburini. Zamani ulipanga foleni na kitambulisho na barua, karani akutazame usoni aridhike kwamba u hai. Siku hizi unaikazia macho simu, unageuza uso huku na huku, unapepesa kope, na mashine inaamua. Mara ya mwisho mashine ilinikataa. Mjukuu akasema, "Babu, mwanga ni hafifu." Nikatoka nje juani, upepo wa Julai ukanijaza vumbi la Singida macho yote mawili, nikapepesa kope kuliko ilivyotakiwa, mashine ikaridhika. Kwa hiyo mtu akija kuniambia "tambua kwamba unapumua", swali langu ni moja: taarifa hizo zinakwenda kwa nani?

Jambo hili binti yangu hakulitunga, namwondolea lawama. Lina mwenyewe. Mwaka 1979 Mmarekani aitwaye Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia ya molekuli kutoka chuo cha MIT, alifungua darasa katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wanafunzi wake walikuwa wagonjwa wenye maumivu sugu, wale ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wa maarifa yao. Aliyachukua mafundisho ya watawa wa Kibuddha, akayavua joho, akayavalisha koti jeupe: kukaa kimya, kufuatilia pumzi, kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, kujinyoosha taratibu kwa yoga. Hakuwaahidi kwamba maumivu yataondoka. Aliwafundisha kuyatazama. Wataalamu wetu wanaliita somo hilo uzingativu, na wanasema linawafaa sana wazee, ambao maumivu wanayo ya kutosha na muda wa kuyatazama wanao.

Mpaka hapo sina pingamizi. Pingamizi langu liko kwenye sharti moja lililowekwa katikati, pale ambapo wakili mjanja huficha kifungu kibaya. Kila kinachopita, iwe pumzi, iwe wazo, iwe goti, iwe redio ya jirani, unatakiwa ukitazame bila kuhukumu.

Jamani. Nimehukumu kwa mshahara karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimehukumu Kiomboi, nimehukumu Manyoni. Nimehukumu kuku aliyedaiwa na wanawake wawili, akafunguliwa kamba mbele ya washauri wa mahakama ili amfuate mwenye mali, naye akamfuata karani. Nimehukumu mahari ya ng'ombe waliokufa kabla ya arusi, na mpaka wa mashamba ya alizeti ulioelezwa na pande zote mbili kwa mti ambao mmoja wao alikwishauchoma mkaa. Leo jalada sina, muhuri sina, hata mtu wa kunipigia "Kooorti!" nikiingia sebuleni sina. Kilichobaki ni kukaa barazani kwangu Misuna, kuangalia watu wanavyopita, na kutoa uamuzi. Bodaboda amepakia abiria watatu na godoro: hatia. Kijana suruali imeshuka mpaka nusu ya makalio: hatia, na aliyemuuzia ashtakiwe naye. Yule mama anamfokea mtoto, lakini mtoto mwenyewe namfahamu: mama aachiwe huru. Nikimaliza kikao cha asubuhi huwa nasikia njaa nzuri na shinikizo la damu limetulia. Halafu mtu wa Massachusetts anataka niondolewe hata hicho.

Mwanangu, ambaye ukaidi ameurithi kwangu, akasema basi nianze na usiku, pale usingizi unapokatika. Wazee wenzangu mnaifahamu saa tisa ya usiku. Jogoo bado hana uhakika, mbwa wa jirani amechoka, na upepo unagonga bati ambalo fundi ameahidi kulipigilia tangu mavuno ya mwaka juzi. Nikalala chali nikafuata maelekezo. Anza na vidole vya mguu wa kushoto, vitambue, panda juu. Vidole vikaeleza kwamba vina ganzi. Kisigino kikafufua shauri la viatu vya kazi vya miaka ya tisini. Goti la kushoto, lile nililoangukia na pikipiki mlima Sekenke, lilikuwa na maelezo marefu, na la kulia likaomba kuunganishwa kwenye shauri hilo hilo. Nilipofika kiunoni nilikuwa na wadai tele na mdaiwa hakuna, na kibofu kikaleta ombi la dharura. Nikaamka. Viungo vyote hivyo vilikuwa vimelala salama mpaka mimi nilipokwenda kuviamsha kimoja kimoja na kuviuliza habari.

Na simu. Hiyo simu inayoleta utulivu ndiyo hiyo hiyo inayouondoa. Ujumbe wa kwanza asubuhi: vuta pumzi baba, achilia mabega, usiifikirie kesho. Wa pili, nao unatoka kwa mtoto mwingine wa tumbo lile lile: shikamoo baba, kuna kiasi kidogo cha ada kimebaki na mwisho ni kesho. Mnanikataza kesho au mnaniletea kesho? Kaeni kikao kwanza, mkubaliane, kisha mje na msimamo mmoja wa familia.

Binti aliposhindwa na mimi akakata rufaa kwa mama yake. Mama watoto hahitaji ushahidi, akishatoa amri imetoka. Kulikuwa na binti wa ustawi wa jamii, umri wake mjukuu wangu mkubwa anamzidi, aliyekuwa akikusanya wazee kila Jumatano asubuhi chini ya mwarobaini, upande wa ziwa Singidani. Nikavaa koti, nikaenda, nia yangu ikiwa kupinga mwenendo mzima kuanzia hati ya mashtaka.

Singidani, kwa asiyeijua, ni ziwa la maji ya chumvi. Hunywi, humwagilii mchicha, ila kwa kutazama linatosha, na mawe yake makubwa yamekaa ukingoni kwa namna ambayo mtu anaweza kudhani yalipangwa. Miezi mingine heroe huja, wakasimama majini kwa miguu yao myembamba. Binti akatusalimia, "Shikamooni wazee wangu," tukamwitikia, akatuomba tuwatazame heroe tujifunze kutulia. Mzee mmoja aliyestaafu reli, ambaye miaka yake yote aliimaliza stesheni za huku reli ya kati inakopita, akawatazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Wale wako kazini, mjukuu wangu. Hawajatulia. Wanachuja matope watafute chakula." Nikajua hapa nimepata mwenzangu.

Ndipo ikaja karanga.

Huko lilikoanzia, zoezi hili hufanywa kwa zabibu kavu. Kila mtu anapewa moja, anaitazama, anaigeuza, anainusa, anaisogeza sikioni eti aisikilize, anaiweka ulimini bila kuitafuna, na mwisho kabisa anaruhusiwa kuila. Zabibu tungezipata, Dodoma si mbali, lakini nadhani bajeti ilikataa. Binti akatoa kimfuko cha karanga akaanza kugawa. Moja. Karanga moja kwa kila mzee. Mzee wa reli akabaki amekinga kiganja, akisubiri zilizobaki.

Hebu msomaji fikiri. Huu ndio mkoa unaowalisha watu wa Dar es Salaam kuku wa kienyeji, matenga kwa matenga yanashushwa huko kila uchao. Mgeni akiingia nyumbani kwa Mnyaturu au Mnyiramba, kuku anafukuzwa uani kabla mgeni hajamaliza kujibu habari za safari. Mafuta ya alizeti tunakamua wenyewe. Sasa mtu mzima ametembea na fimbo kutoka Utemini, kaketi kwenye kiti cha plastiki kinachoyumba kwa upepo, kapewa karanga moja, halafu kaambiwa asiile.

"Itazameni," binti akasema kwa sauti laini, "kana kwamba hamjawahi kuona karanga tangu mzaliwe."

Kulikuwa na bibi mmoja kando yangu ambaye amelima karanga tangu akiwa msichana. Amezipanda, amezing'oa, amezibangua mpaka kucha zikabadilika rangi. Akaitii amri. Akaileta karanga yake karibu na jicho, akaigeuza, akaipeleka juani, akainusa, akaitazama tena. Kimya kilichokuwepo pale kilinikumbusha mahakama inaposubiri hukumu. Kisha akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, hii ina ukungu. Irudishe. Na ninyi wengine tazameni zenu vizuri msije mkameza sumukuvu."

Binti alijaribu kueleza kwamba katika zoezi hili hatusemi karanga ni nzuri au mbaya, tunaipokea jinsi ilivyo. Bibi akamwambia jinsi ilivyo ndiyo hiyo, imeoza. Na alikuwa na haki. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, majirani zetu wa pande mbili, na sumu hiyo hiyo inaipenda sana karanga iliyohifadhiwa na unyevu. Tukazikagua zote. Tukakataa tatu. Kwa upande wangu huo ndio uliokuwa ushindi wangu wa kwanza, na sikuwa nimefungua mdomo: mtu aliyetazama kwa makini kuliko sisi sote ndiye aliyetoa hukumu, na hukumu yake huenda iliokoa maini ya wazee watatu. Nani awezaye kunionyesha mahali ambapo kutazama kunakwisha na kuhukumu kunaanza? Mimi katika utumishi wangu wote sikupaona.

Waliopata karanga salama wakaruhusiwa kutafuna polepole. Mzee wa reli akasema yeye anatafuna polepole tangu magego yalipomwacha, na hajawahi kupewa cheti.

Tulipokuwa tunakunywa chai, maana mama watoto na wenzake walikuwa wameona mapema kwamba karanga haitoshi wakabeba chupa na maandazi, fundi baiskeli mmoja mstaafu akaanza hotuba ambayo siku hizi huwezi kuikwepa penye wazee zaidi ya wawili. Kwamba haya mambo si mageni. Kwamba babu zetu walikuwa nayo. Kwamba mzee wa zamani alikaa chini ya mti kutwa nzima, kimya, akili imetulia. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima ya marehemu.

Nikapinga pale pale. Babu yangu alikuwa mkulima wa uwele na mtama, na namkumbuka vizuri sana juu ya dungu lake. Alikaa kimya kweli, tangu alfajiri mpaka jua linazama, hajali njaa wala inzi. Ungempiga picha, hao watu wa utulivu wangeiweka ukutani. Lakini alikuwa anaamia ndege. Kwelea kwelea ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na kundi lake likitua kwenye shamba la uwele linaondoka na chakula cha mwaka mzima. Babu alikuwa na kombeo mkononi, vidonge vya udongo vimepangwa magotini, na kifuani alikuwa na chuki iliyokomaa. Alikuwepo shambani pale kwa kila mshipa wa mwili wake, wazo la jana wala la kesho halikupata nafasi ya kupenya, na kila ndege aliyetokea alikuwa ameshahukumiwa kabla hajakunja mbawa. Jioni alishuka na hasira zake zote zikiwa zimetumika vizuri, akala, akalala. Aliishi miaka mingi. Msimgeuze mtawa sasa kwa kuwa hayupo kujitetea.

Somo la pili la Jumatano lilihusu kupita kwa vitu: wazo linakuja linapita, furaha inakuja inapita, usishike. Hili nilimwambia binti asijichoshe. Mtu wa Singida hahitaji mwalimu wa jambo hilo, anahitaji kushabikia mpira tu. Tumekuwa na Singida United, tukaipenda. Tukawa na Singida Big Stars. Ikageuka Singida Fountain Gate, kabla sijazoea kulitamka, Fountain Gate ikaenda zake Manyara, na timu iliyokuwa Ihefu ya Mbeya ikaja kwetu ikiitwa Singida Black Stars. Hata uwanja ambao sisi tuliujua kwa jina la Namfua siku hizi ni Liti. Ndani ya kabati langu kuna jezi za timu ambazo mjukuu anadhani nimezitunga. Hakuna mtawa milimani Asia aliyefundishwa kutoshikamana na vitu kwa ukali wa namna hiyo, tena kwa kiingilio.

Nyumbani nako mambo yakaanza kunielemea. Mama watoto alisikia katika hilo darasa habari za Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 95, ambaye alifundisha kwamba ukiosha vyombo, osha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, usioshe huku ukiwahi kikombe chako cha chai. Mafundisho mazuri. Tatizo ni kwamba kati ya mafundisho yote ya mtu yule, aliyekuwa mwalimu na mshairi na mpigania amani tangu enzi za vita vya nchi yake, mama watoto alibeba hilo moja tu. Jioni ile alinikabidhi sufuria la ugali. "Baba watoto, tulia nalo." Ukoko wa ugali wa mtama, msomaji, haujui habari za wakati uliopo. Unataka ulowekwe tangu jana. Nilipomwambia nimeuzingatia vya kutosha na hautoki, akanijibu nisiuhukumu.

Nikaona dawa ni kurudi kwenye fani yangu. Nikampigia binti wa Dar es Salaam nikamwambia alete ushahidi, si hadithi. Na hapa nimsifu, alileta, na hakuficha yale yaliyomwumiza. Mwaka 2022 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa watu 585, wenye miaka 65 mpaka 84, waliokuwa wakilalamika kwamba kumbukumbu inapungua. Wengine walifundishwa uzingativu, wengine mazoezi ya viungo, wengine vyote viwili, wengine elimu ya afya ya kawaida. Wakafuatiliwa mwaka mmoja na nusu. Kumbukumbu haikuongezeka kuliko ya wale waliopewa elimu ya kawaida. Nilimsomea mama watoto kwa sauti, mara mbili. Wazee 585, na vyuo vikuu vyote vile, na bado miwani haijulikani iliwekwa wapi.

Kuhusu mgongo ushahidi ni wa nusu kwa nusu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Pittsburgh wa wazee 282 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliomaliza wiki nane za uzingativu walijimudu vizuri zaidi katika kuinama na kutembea, lakini miezi sita baadaye nafuu hiyo ya kujimudu ilikuwa imeyeyuka. Hiyo naikubali kwa sababu ndivyo kiuno kilivyo. Hata dawa ya kuchua ninayonunua sokoni ina tabia hiyo hiyo, na haidai nikae kimya.

Kisha akaniletea kielelezo cha tatu, utafiti wa California wa mwaka 2012. Watu 40, wenye miaka 55 mpaka 85. Baada ya wiki nane walioingia darasani walisema upweke umepungua. Wale wa kulinganishwa nao walikuwa wakisubiri zamu yao.

Hapo nilikaa nacho. Maana nyumba yetu ni kubwa, tuliijenga wakati watoto wamejaa, na sasa mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mwingine Kahama anafuata mambo ya madini, na vyumba vyao vimejaa magunia ya alizeti. Upande wa mji ninaokaa mimi, vijana wengi wametawanyika hivyo. Lakini uhakimu haufi kwa mtu, nikamwuliza shahidi swali la dodoso: hao 40, upweke ulipungua kwa sababu walihesabu pumzi, au kwa sababu kila wiki walitoka nyumbani wakakaa chumba kimoja na watu wa rika lao, wakati wale wengine wamebaki majumbani kusubiri zamu? Shahidi akakohoa. Akasema, "Baba, hilo ni swali zuri." Muuguzi akikwambia hilo ni swali zuri ujue jibu hana.

Kwa hiyo nimeendelea kwenda Jumatano. Msinielewe vibaya, maoni yangu kuhusu karanga hayajabadilika. Hata hospitalini siku hizi nikikaa kwenye benchi, chini ya lile tangazo la kwamba mzee kwanza, apewe kipaumbele apate huduma, na benchi zima ni wazee watupu kiasi kwamba hakuna wa kumtangulia, najaribu kufuatilia pumzi mpaka niitwe. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingine yule wa mbele anasimulia ugonjwa wake kwa ufasaha hata naisahau pumzi, na hilo nalo linapitisha muda.

Ila kundi la Jumatano limeshabadilika, na mtu wa Massachusetts angelitazama sasa asingelitambua. Watanzania hatuwezi kukaa chini ya mti mara mbili bila kuandika katiba. Kwanza tulichanga pesa ya chai. Pesa ya chai ikabaki. Iliyobaki ikahitaji mweka hazina, mweka hazina akahitaji daftari, daftari likahitaji katibu, na katibu akasema hawezi kuandika bila mwenyekiti wa kumsainia. Bibi wa karanga ndiye mwenyekiti, alipita bila kupingwa. Sasa tunatulia dakika kumi, kisha tunanunua hisa na kukopeshana mpaka saa sita. Binti wa ustawi wa jamii anasema sisi ni kundi lake lenye mahudhurio mazuri kuliko yote, na ofisini kwake wamempongeza kwa jinsi alivyotutuliza.

Katiba ina faini. Simu ikilia wakati wa kimya, shilingi mia tano. Kuchelewa, mia tano. Kusinzia, elfu moja, kwa sababu wajumbe waliona kusinzia ni dharau kwa wanaotulia kwa bidii. Na ikaundwa kamati ya nidhamu, na ilipofika kwenye uenyekiti wa kamati hiyo wajumbe wote wakageuka wakanitazama mimi. Sikuomba. Nilikaa kimya kwa unyenyekevu, nikafuatilia pumzi yangu jinsi inavyoingia na kutoka, mpaka wakapiga kura.

Shauri la kwanza limekuja upesi. Mzee wa reli anadaiwa kusinzia. Mlalamikaji ni fundi baiskeli, ambaye anadai alisikia koromo mara tatu, la tatu refu. Mshtakiwa amekana kosa. Utetezi wake ni kwamba hakusinzia hata kidogo, alikuwa ametulia kuliko wanachama wote, na sauti iliyosikika ni pumzi yake aliyoitazama bila kuibadilisha, kama tulivyofundishwa. Tukamwita binti wa ustawi wa jamii kama shahidi mtaalamu atueleze tofauti ya kutulia na kulala. Akasema jambo la muhimu ni kutomhukumu mzee. Nikamshukuru kwa muda wake nikamruhusu ashuke kizimbani.

Nimekaa na washauri wawili, na wamegawanyika. Shauri limeahirishwa mpaka Jumatano ijayo, ambapo mshtakiwa atakoroma mbele ya kamati akiwa macho, na mlalamikaji atasema kama koromo ni lile lile.